Dorotea Masalu na Antimaada Iliyokataa Kupanda Juu

Afisa utumishi wa Redio Ghuba, Raya Muharami, alisema Jumatatu tarehe 15 Juni 2026 kwamba fomu ya makabidhiano ya Dorotea Masalu ina mistari kumi, na kwamba tisa kati ya hiyo imesainiwa. Uliobaki wazi ni mstari wa tisa, unaosomeka hivi: "Mtumishi hana sahihisho lolote lililobaki." Raya alisema hawezi kuusaini. Dorotea mwenyewe alimwambia asijaribu.

Dorotea anastaafu kwa mujibu wa sheria Jumanne tarehe 30 Juni, siku atakapotimiza miaka sitini. Atakuwa ameitumikia Redio Ghuba kwa miaka ishirini na minane na miezi mitatu, muda mrefu kuliko mtumishi mwingine yeyote na kuliko mnara wetu, ambao umebadilishwa mara mbili. Ameshakabidhi funguo, kinasa sauti, kitambulisho, na koti la mvua alilopewa mwaka 2004, ambalo stoo haikuwa na kumbukumbu nalo. Kinachomzuia kuondoka akiwa safi ni jibu alilompa msikilizaji mmoja kuhusu antimaada.

Aliajiriwa tarehe 30 Machi 1998, kituo kikiwa na vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa pale Nyamagana. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha fizikia na hisabati kwa miaka minane katika shule za sekondari wilayani Kwimba. Sisi tulimwajiri kama karani wa mapokezi. Kituo kilikuwa hakijui kwamba kinahitaji mwalimu wa fizikia, na yeye hakuona sababu ya kukiambia. Siku ya nne mitambo ilizima katikati ya matangazo ya vifo. Fundi alikuwa Nyegezi kwenye harusi. Karani wa mapokezi akaingia studio, akanusa, akasema kuna kapasita imeungua, akaonyesha ni ipi. Mwezi uliofuata alihamishiwa idara ya vipindi.

Wafanyakazi wapya hudhani kanuni yetu ya masahihisho iliandikwa na mwanasheria. Iliandikwa na Dorotea, mwaka 1999, kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Wiki ile kituo kilikuwa kimetangaza kwamba maji yangekatwa Nyegezi siku ya Jumanne. Yalikatwa Nyamagana. Nyegezi walijaza ndoo, madebe, sufuria na beseni za kuogea watoto, na bomba likaendelea kutoka siku nzima. Nyamagana hawakuwa na tone. Sahihisho lilisomwa na mtangazaji mwingine, saa kumi na moja alfajiri ya siku iliyofuata, likasikiwa na walinzi.

Kanuni ya Dorotea ina vifungu vitatu. Aliyekosea asahihishe kwa sauti yake mwenyewe. Asahihishe siku ileile ya wiki na saa ileile aliyokosea. Na kama kosa lilikuwa jibu alilopewa mtu mmoja aliyeuliza, mtu huyo atafutwe na aambiwe. Kila sahihisho huandikwa kwenye daftari lenye jalada jekundu linalokaa chumba cha habari, na hufutwa kwa mstari wa kalamu pale tu vifungu vyote vinapotimia. Mkurugenzi wa kwanza aliipenda kanuni hiyo kiasi kwamba aliiongeza kwenye fomu ya makabidhiano. Tangu hapo wafanyakazi ishirini na sita wameondoka, na wote walisainiwa mstari wa tisa. Mmoja alisainiwa akiwa tayari amepanda basi.

Kipindi chake, Niambie Kwa Nini, kilianza Januari 2003. Hurushwa kila Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili, taarifa ya habari inapoanza. Fundi mitambo wetu, Makame, amehesabu vipindi 1,143. Wasikilizaji waliuliza kwa nini dagaa huifuata taa usiku usio na mbalamwezi, kwa nini maji ya ziwa hugeuka kijani miezi fulani, kwa nini ng'ombe waliosimama chini ya mti mmoja hufa pamoja radi ikipiga, na kama samaki hulala. Mwanamke mmoja wa Igoma aliuliza kwa nini mumewe husikia harufu ya nyama nyumba ya tatu lakini hasikii akiitwa. Dorotea alimjibu kwa dakika sita, kisayansi, na mume akapiga simu kulalamika.

Alifanya kazi kwa saa ya kusimamisha, ile ya walimu wa michezo, aliyoivaa shingoni kwa uzi wa kiatu. Alikunywa chai bila sukari na hakuwahi kuiacha ipoe. Hakupenda neno "takriban" na alilifuta kwenye maandishi ya wenzake, isipokuwa pale alipokuwa ameonyeshwa kipimo. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyemsikia akiacha swali hewani bila jibu. Vijana walimsifu kwa hilo. Yeye sasa analitaja kama tatizo.

Kuhusu antimaada, kila mfanyakazi aliyekuwapo mwaka 2019 anakumbuka ndizi. Kwa asiyekuwapo: maada ni kila kitu kinachoshikika, maji, jiwe, sangara, mwili wa mtu. Kila chembe ya maada ina pacha wake mwenye chaji iliyogeuzwa. Pacha wa elektroni huitwa positroni. Pacha hao ndio antimaada, na pacha wawili wakikutana wote hutoweka, ukabaki mwanga mkali usioonekana kwa macho. Dorotea alikuwa amechoka kusikia kwamba hayo ni mambo ya maabara za Ulaya. Akamtuma Makame sokoni akanunue chane nzima ya ndizi mbivu za Bukoba, akaiweka mezani mbele ya kipaza sauti.

Alieleza kwamba ndani ya ndizi mna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo huvunjika yenyewe, na mara chache hutoa positroni. Ndizi moja hutoa moja kila baada ya saa moja hadi mbili. Chane nzima hutoa kadhaa ndani ya kipindi kimoja. Kila positroni hukutana na elektroni palepale ndani ya ndizi na safari yake huishia hapo.

Meneja wetu, Iqbal, alifungua mlango wa studio taa nyekundu ikiwa inawaka. Kosa hilo nalo limo kwenye kumbukumbu.

"Mama Doro, hiyo kitu si itatulipua?"

"Umeila tangu hujaota meno, Iqbal. Umelipuka lini?"

Wasikilizaji walisikia yote. Kipindi kilipoisha ushahidi uliliwa, na Makame alirudisha maganda kwa Dorotea ili yaandikwe kwamba yametumika ofisini.

Sasa kosa lenyewe. Lilitokea Alhamisi tarehe 17 Novemba 2011. Kipindi kilikuwa juu ya mwanzo wa ulimwengu, na Dorotea alikuwa amesema kwamba, kwa hesabu za wanafizikia, maada na antimaada zilipaswa kutokea kwa kiasi sawa. Zikiwa sawa, zilipaswa kuteketezana zote. Saa kumi na moja na dakika hamsini na nane ilipokelewa simu ya mwisho. Mpigaji alijitambulisha kwa jina moja, Masele, wa Usagara. Swali lake liko kwenye rekodi: "Mama, kama zilikuwa sawa na zikamalizana, sisi tumebaki tumetoka wapi?"

Dorotea alitazama saa yake. Alikuwa na sekunde arobaini kabla ya taarifa ya habari.

Wiki ile alikuwa amesoma kwenye jarida moja kwamba wanasayansi wachache walikuwa wakiwaza kama antimaada inasukumwa na uvutano badala ya kuvutwa, yaani kama ukiiachia inapanda badala ya kuanguka. Jarida liliandika "wachache wanawaza" na "haijapimwa". Maneno hayo yanahitaji muda. Dorotea aliyaacha. Alisema: "Antimaada haianguki kama sisi, Masele. Inapanda juu. Ilijitenga na maada mwanzoni kabisa, ikaenda zake, ndiyo maana tumebaki." Lilikuwa jibu zuri, fupi, na lilikwisha sekunde tatu kabla ya saa. Kwenye sekunde hizo tatu Masele anasikika akiuliza, "Juu ya nini, mama?" Kisha ngoma ya taarifa ya habari.

Barua za pongezi zilikuja kumi na nne. Walimu wawili waliomba nakala ya kipindi.

Tarehe 27 Septemba 2023 wanasayansi wa maabara kubwa iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa walitangaza kwamba wameiachia antihaidrojeni, yaani pacha wa haidrojeni, ndani ya chombo kilichosimama wima, na kutazama inakoelekea. Ilianguka chini. Kwa kadiri ya usahihi wa kipimo chao, ilianguka kama kitu kingine chochote. Dorotea aliisoma habari hiyo asubuhi ya siku iliyofuata, Alhamisi, akaenda moja kwa moja kwenye daftari jekundu na kujiandika. Jioni, saa kumi na moja na dakika hamsini na nane, alilisahihisha kosa lake hewani kwa sauti yake. Vifungu viwili vikatimia.

Cha tatu hakikutimia. Daftari la simu la mwaka 2011 lilikuwa limeandikwa "Masele, Usagara" na namba ya simu iliyokuwa imekwishapewa mtu mwingine, mwanafunzi wa Musoma, ambaye hakujua lolote. Aliyewahi kufika Usagara anajua kwamba kumtafuta Masele pale ni kama kumtafuta Juma Kariakoo. Kwa miaka miwili na nusu Dorotea aliwafikia kumi na mmoja, kwa simu na kwa miguu, siku zake za mapumziko. Mmoja alikubali sahihisho kwa moyo mkunjufu ingawa hakuwahi kuuliza swali maishani mwake. Mwingine aliuliza zawadi ni nini. Wa nane alikuwa mchungaji, akamwombea.

Aprili mwaka huu Iqbal alimwita ofisini na kumwambia kwamba imetosha.

"Hii ni miaka kumi na minne, mama. Nipe fomu nisaini mimi. Nani atauliza?"

"Ukisaini, na wewe nitakuandika kwenye daftari," Dorotea alisema. "Na wewe bado una miaka mingi ya kulibeba."

Iqbal alirudisha kalamu mfukoni. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba katika miaka kumi na moja ya umeneja hajawahi kutishwa kwa sauti ya chini namna ile.

Aliyepata njia ni Makame. Makame alitoka Pemba mwaka 2006 kuja kutengeneza kisambazio, mtambo wa kurushia matangazo, kwa wiki mbili, na hajarudi bado. Mwezi Mei alikuwa akihamishia sidii za zamani kwenye kompyuta, akafika kwenye kipindi cha tarehe 17 Novemba 2011. Hakusikiliza maneno. Alisikiliza kilichokuwa nyuma ya maneno. Masele anapoongea kuna mashine inayonguruma, inakata, inapumua kwa kishindo, kisha inanguruma tena. Makame aliirudia mara tisa, akamwita Dorotea, akamvalisha vifaa vya masikioni.

"Unasikia nini?"

"Jenereta."

"Jenereta haipumui, mama. Hiyo kompresa ya upepo. Huyu mtu wako anaziba pancha."

Wazibaji pancha wa njia panda ya Usagara ni saba. Jumamosi tarehe 13 Juni Dorotea na Makame walifika kwa gari la kituo. Wa kwanza hakuwa Masele. Wa pili hakuwepo. Wa tatu alikuwa ameinamia tairi la fuso, mikono ikiwa nyeusi mpaka kwenye kiwiko, na kwenye benchi lake walikuwa wamekaa madereva wa bodaboda watano wakisubiri kitu kisichojulikana. Makame alikuwa na kinasa sauti kilichofunguliwa, kama alivyozoea, na mazungumzo yanayofuata yametoka humo kwa ruhusa ya wote.

"Shikamoo mama. Gari lina shida gani?"

"Marahaba. Gari ni zima. Namtafuta Masele aliyepiga simu Redio Ghuba mwaka elfu mbili na kumi na moja, akauliza habari za antimaada."

Yakobo Masele, umri miaka arobaini na tisa, aliweka chini chuma cha kubandulia tairi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyenikatia."

Madereva wakalipuka. "Profesa Pancha! Leo chuo kimekufuata mpaka kazini!" Mwingine akasema, "Mwambie mama ile ya juu na chini! Mwambie!"

Ikabidi Dorotea aulize, na ndipo ilipojulikana kosa lile lilimfanya nini mtu huyu. Jioni ya tarehe 17 Novemba 2011 redio ilikuwa imewashwa pale karakana kwa sauti kubwa, na watu waliokuwapo walikuwa wengi, kwa sababu ilikuwa siku ya mnada. Wote walisikia jibu. Masele peke yake alisema haliwezekani. Alisema juu ya Usagara si juu ya watu wa upande wa pili wa dunia, na mwanzoni mwa ulimwengu dunia yenyewe haikuwepo, sasa hiyo antimaada ilipanda juu ya nini? Watu wakamuuliza kama yeye anajua kuliko redio. Akasema kwa hilo, ndiyo. Tangu siku hiyo akaitwa Profesa Pancha. Jina limeshika. Watoto wake wanaitwa watoto wa Profesa, na mteja akikataa bei huambiwa aende akaelezwe na redio.

Dorotea alitoa karatasi mkobani na kusoma sahihisho, wima, kama anavyosoma studio: kwamba tarehe fulani alimwambia Masele wa Usagara kuwa antimaada inapanda juu, kwamba wakati ule haikuwa imepimwa, naye alijua haijapimwa, kwamba sasa imepimwa, na inaanguka chini.

Masele alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Inaanguka chini."

"Inaanguka chini."

"Kama sisi."

"Kama sisi."

"Miaka kumi na tano, mama. Hawa wananiambia nibishane na redio."

Kwa hesabu kamili ni miaka kumi na minne na miezi saba kasoro siku nne. Dorotea hakumsahihisha.

"Haya," Masele alisema. "Hilo nililijua siku ileile. Sasa nijibu nilichouliza. Zilikuwa sawa, zikamalizana. Sisi tumetoka wapi?"

Kwenye rekodi kuna ukimya hapa. Makame ameupima: sekunde kumi na moja. Redioni hiyo ni ajali.

"Hatujui," Dorotea alisema.

"Wewe hujui?"

"Mimi sijui, na hakuna anayejua, Masele. Wanaotafuta ni maelfu. Hatujui."

Masele aliangua kicheko, akapiga tairi kwa kiganja.

"Sasa si hilo ndilo jibu! Mbona hukulisema? Ulikuwa na sekunde arobaini. Hilo linachukua moja."

Masele akamletea kiti. Waliongea saa nzima, na fuso ikasubiri. Alimweleza kinachojulikana: kwamba kwa kila chembe bilioni moja za antimaada, inaonekana zilikuwepo chembe bilioni moja na moja za maada. Bilioni zikateketezana na bilioni. Ile moja ya ziada ndiyo ziwa, ndiyo mawe ya Mwanza, ndiyo nyota zote, ndiyo waliokaa kwenye benchi. Kisichojulikana ni kwa nini ile moja ilizidi. Mwaka jana watafiti wa maabara ileile waliripoti kwamba chembe moja nzito na pacha wake hazivunjiki kwa namna inayolingana kabisa. Zinatofautiana kwa asilimia mbili na nusu hivi. Ni mara ya kwanza tofauti ya aina hiyo kuonekana kwa chembe za jamii ya protoni. Lakini tofauti zote zilizowahi kupimwa mpaka leo, zikijumlishwa, hazitoshi kueleza kwa nini kuna kitu chochote.

"Kwa hiyo sisi ni baki," Masele alisema.

"Sisi ni baki."

"Hata mimi?" dereva mmoja aliuliza.

"Wewe hasa," Masele alimwambia.

Makame alichukua daftari jekundu garini, wakamfungulia ukurasa ili aandike kwamba amepokea sahihisho. Masele alilisoma mpaka mwisho. Kisha akalifunga na kulirudisha.

"Siwezi kusaini, mama. Usinielewe vibaya. Hapa wamesikia watu watano. Siku ile walisikia wote."

Makame alimkumbusha kwamba sahihisho lilikwishatolewa hewani mwaka 2023. Masele alisema hakulisikia. Alikuwa ameacha kusikiliza kipindi tangu siku aliyokatiwa. Na madereva walipoulizwa, mmoja alikumbuka kusikia kitu kuhusu kuanguka chini, lakini alitajwa "msikilizaji mmoja" bila jina, na hakuna aliyejua kwamba ni huyu wa kwao.

Dorotea alimwambia Masele kwamba ana haki. Njiani kurudi mjini walifika Buhongwa. Hapo akamwambia Makame kwamba kanuni aliyoiandika mwaka 1999 ina upungufu, kwa sababu inamtafuta aliyedanganywa na kuwasahau waliomcheka, na kwamba angependa kuirekebisha kabla hajaondoka. Ameirekebisha. Kifungu cha nne kimebandikwa chumba cha habari tangu Jumapili, kwa mwandiko wake: pale aliyepewa jibu la kosa alipovunjiwa heshima kwa sababu yake, sahihisho litolewe kwa jina lake, mbele ya walewale.

Hayo ndiyo yaliyomfanya Raya aseme Jumatatu alichosema. Aliongeza kwamba amefanya kazi ya utumishi sehemu tatu, na hajawahi kuona mtumishi akiongeza masharti ya kuondoka kwake mwenyewe wiki mbili kabla ya siku.

Dorotea hajataka hotuba, na hajasema atafanya nini akistaafu zaidi ya kulala Alhamisi mchana. Ameomba abaki na ile saa ya kusimamisha. Iqbal amekubali. Kipindi kitaendelea, na kitasimamiwa na Safia, aliyekuwa mtayarishaji wake kwa miaka sita. Maagizo aliyoachiwa yako kwenye nusu ukurasa. La kwanza linasema asiogope kumwambia msikilizaji kwamba jambo halijulikani, na aseme hivyo mapema, muda ukiwa bado upo.

Mama Doro, wafanyakazi kumi na tisa wa Redio Ghuba tunakushukuru kwa kutufundisha kupima kabla ya kusema, na kwa kapasita ile ya mwaka 1998. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, chai ya moto, na majirani wenye maswali mazuri. Upumzike vyema, umeifanya kazi.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa tarehe 26 Juni saa nane mchana, ukumbi wa mapokezi. Kabla ya hapo, Alhamisi tarehe 25 Juni kuanzia saa kumi na moja jioni, Niambie Kwa Nini itarushwa moja kwa moja kutoka karakana ya Yakobo Masele, njia panda ya Usagara. Ni siku ya mnada. Makame ataweka vipaza sauti viwili, kimoja cha Dorotea na kimoja cha Masele, na spika mbili kuelekea barabarani. Masele ameombwa asiwashe kompresa. Amejibu kwamba itategemea wateja. Meneja Iqbal ameagiza kwamba jioni hiyo taarifa ya habari ya saa kumi na mbili isianze mpaka Masele aseme amemaliza kuuliza.